Karavani Iliyotuchagulia Gari

Queensburgh, pembeni mwa Durban, ni mji wa miteremko. Kuanzia Malvern, Escombe hadi Northdene, nyumba zimeng'ang'ania vilima, na kuingia uani kwako ni ama kupanda kwa gia ya kwanza ama kushuka kwa breki. Hata hivyo, kila mtaa una karavani zake zilizofunikwa turubai zikisubiri sikukuu. Desemba ikifika, turubai zinavuliwa na msafara unaanza: hawa wanashuka pwani ya Scottburgh, wale wanapanda Drakensberg. Sisi watu wa Tanga tumekuzwa tukijua kwamba mwenye nyumba akilala nje, ama ana msiba ama amefukuzwa. Basi tulikuwa tukiwatazama majirani zetu kwa huruma.

Huruma ikatuisha siku mzee wa jirani alipohamia Australia kwa mwanawe na kutuachia karavani yake kwa bei ya friji. Mama Asha aliingia ndani, akafungua kila kabati, akajaribu kila godoro, akatoka na hukumu: "Baba Asha, mambo ya hoteli basi." Mimi ni mhasibu, na wahenga walishasema rahisi huvunja upishi. Lakini upishi wenyewe ulikuwa umeshaanza: mama Asha alishapima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Kibati kilichogongomewa karibu na mlango ndicho kilichotuharibia mchana. Uzito wa juu wa karavani pamoja na mizigo: kilo 1,800. Kigari chetu cha lita 1.5 hufikisha tani moja nikiwa nimo ndani na nimekula. Na sheria ya Afrika Kusini haina mzaha hapo. Trela ambayo breki zake hukamata zenyewe inapolisukuma gari la mbele, uzito wake wa juu hauruhusiwi kuzidi uzito wa gari tupu linaloivuta. Tena leseni ya daraja la B inaishia kwenye trela ya kilo 750. Ukizidisha hapo, ukatahiniwe upya upate EB. Kwa hiyo kabla sijatia mguu kwenye duka la magari, karavani ilikuwa imeshachagua ukubwa wa gari, imeshachagua injini, na imenirudisha shule ya udereva na mvi zangu.

Ushauri ulikuja bila kuitwa. Durban ni mji wa Toyota. Hilux zinatengenezwa hapa hapa Prospecton, na kila mtu ana mjomba au jirani aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Nilipotaja Ford Ranger, ambayo hutengenezwa Silverton kule Pretoria, shemeji alinitazama kama niliyetangaza kuoa mke wa pili. Fundi mmoja wa Chatsworth ndiye aliyeniambia jambo la maana. Alisema injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, na sisi tunaishi jirani na bahari. Gari litakalotamba Durban litaanza kuhema baada ya Pietermaritzburg, kwenye mlima wa Town Hill, huku malori yakikupita na kukupungia mkono. "Dizeli yenye turbo," alisema, akarudi chini ya gari.

Tukatafuta dabo kebini ya dizeli iliyotumika. Mama Asha alipewa kazi ya kunusa. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliingia hadi ndani ya kiwanda cha Prospecton, na tangu hapo kila mnunuzi mjini hapa ana hofu ya gari lililoogelea. Alikuwa anainua zulia, anainama, ananusa, kisha anamtazama muuzaji usoni bila kusema neno. Wauzaji wawili walipunguza bei kabla hajainuka.

Benki nako kulikuwa na mitihani yake. Gari letu lilikuwa la randi 500,000, mkopo wa miezi 72, riba asilimia 11.5. Rejesho ni kama randi 9,650 kwa mwezi. Kijana wa mikopo akaona nimemeza mate, akanitolea dawa: niweke asilimia 30 pembeni, niilipe yote kwa mkupuo mwishoni, na rejesho litashuka hadi karibu 8,200. Mama Asha akatabasamu. Mimi nikatoa kalamu. Mwisho wa safari ningekuwa nimelipa jumla ya randi 45,000 zaidi, na mwezi wa 72 ningedaiwa 150,000 kwa gari ambalo wakati huo litakuwa linadai gia boksi. Tukachukua rejesho kubwa. Nyama ikawa ya Jumapili.

Leseni ya EB niliipata kwa kitrela kidogo cha chuo, chepesi na chenye adabu. Karavani ni kitu kingine. Jioni ya kwanza nilitaka kuirudisha uani kinyumenyume, mtaa una mteremko, geti lina nguzo mbili za matofali. Ukikata kulia, inakwenda kushoto. Ukiifuata, inajikunja. Ikajikunja, ikaziba barabara kutoka ukuta hadi ukuta, na teksi ya abiria ikasimama mbele yangu. Abiria wakashuka wote. Kila mmoja alikuwa na upande wake wa kunielekeza, na kila mmoja aliutaja kwa sauti.

Akapita Mkongo anayelinda magari kwenye maegesho ya maduka, anatoka kazini, koti lake la manjano begani. Kumbe kwao Bukavu alikuwa dereva wa lori. Akaja dirishani taratibu. "Papa, shika volan pale chini. Karavani unataka iende kuume? Peleka mkono kuume. Pole pole." Nikashika usukani chini. Ile nyumba ya magurudumu ikanyooka, ikapita katikati ya nguzo kwa nafasi ya viganja viwili. Abiria wakapiga makofi, dereva wa teksi akapiga honi, wote wakimpongeza Mkongo.

Sasa mambo yametulia. Gari lipo, karavani ipo, deni lipo. Ila mama Asha naye siku hizi anasoma vibati. Amegundua kwamba dabo kebini yetu imeandikiwa uwezo wa kuvuta kilo 3,500, na karavani ni 1,800 tu. Kwa hesabu yake tunalipia kilo 1,700 ambazo hatuzitumii, na mhasibu mzima nimekaa kimya. Mtaa wa pili kuna mtu anauza boti.