Barua ya Wazi kwa Idara Iliyoishinda Kanuni ya Lavoisier

Kwa: Mkuu wa Idara ya Uhandisi wa Kemikali,
Chuo Kikuu ambacho jina lake limehifadhiwa kwa heshima,
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA UGUNDUZI UNAOHUSU NAFASI ZA KAZI ZA WANAFUNZI NA WATAFITI

Barua hii inawasilishwa kwa niaba ya waombaji wa nafasi za kazi za wanafunzi na watafiti, walioitwa na wasioitwa kwenye usaili, na shabaha yake ni moja tu, nayo ni kutoa pongezi ambazo kwa haki zilipaswa kutolewa zamani. Antoine Lavoisier aliandika mwaka 1789 kwamba katika mmenyuko wa kikemia maada haiumbwi wala haipotei, na tangu hapo wanasayansi wa dunia nzima wamekuwa wakiitii kanuni hiyo kwa unyenyekevu, hata ikabidi isubiriwe Idara hii ili apatikane wa kuivunja mchana kweupe.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kabla hajaruhusiwa kugusa pampu wala bomba, hufundishwa urari wa maada, yaani hesabu inayodai kwamba kila kinachoingia mtamboni lazima kionekane, ama kwa kutoka upande wa pili, ama kwa kulimbikizana ndani, ama kwa kugeuka kuwa kitu kingine ambacho nacho kitoke au kilimbikizane. Na yule ambaye tani zake za miwa hazilingani na jumla ya sukari, molasi, makapi na mvuke hurudishiwa daftari lenye wino mwekundu. Sasa, kwa mujibu wa matangazo ya Idara yenyewe, maombi ya kazi huingia kwa bahasha, kila bahasha ikiwa na barua iliyoandikwa kwa mkono, wasifu, picha mbili za pasipoti, nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, majina ya wadhamini watatu na andiko la kurasa tano linaloeleza wazo la utafiti ambalo mwombaji angependa kulifanyia kazi. Baada ya hapo hakitoki kitu: haitoki ajira, haitoki barua ya kukataliwa, haitoki hata karatasi ya kukiri kwamba bahasha ilipokelewa. Uwezekano wa bahasha hizo kulimbikizana ndani umefikiriwa kwa makini, hasa katika lile kabati la chuma la masijala ambalo mlango wake haufungi mpaka ubanwe kwa karatasi iliyokunjwa, lakini ujazo wa kabati hautoshi. Linalobaki ni kukubali kwamba Idara imepata njia ya kuifuta maada, ugunduzi ambao ungelimaliza tatizo la taka la jiji zima iwapo malori yanayokwenda dampo la Pugu yangeelekezwa masijala.

Tangazo lenyewe linastahili kusomwa taratibu. Hubandikwa kwa pini nne ndani ya ubao wenye kioo na kufuli, siku ya Alhamisi alasiri, na mwisho wa kupokea maombi huwa Ijumaa saa tisa na nusu, saa ambayo mpokeaji wa maombi huwa ameshaondoka. Mtafiti msaidizi, yaani mtu anayefanya vipimo vya maabara, kukusanya takwimu na kuandika taarifa za mradi chini ya mtafiti mkuu, hutakiwa awe na shahada ya uhandisi wa kemikali ya daraja la kwanza au la pili la juu, awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 5, na umri wake usizidi miaka 25. Hesabu ya sharti hili si ngumu na inasikitisha kwamba hakuna aliyeifanya. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7, akasoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari na 2 ya kidato cha tano na cha sita, bila kufeli, bila kuugua na bila kuhesabu miezi ya kusubiri matokeo, huingia chuo kikuu akiwa na miaka 20 na kuhitimu uhandisi akiwa na 24. Ili awe na uzoefu wa miaka 5 kabla ya kuvuka 25, ni lazima awe ameajiriwa kama mhandisi asubuhi ileile aliyokuwa akipanga foleni ya kupewa chumba cha hosteli.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba ugumu huo umewekwa kwa ajili ya vijana wa leo peke yao, kwa kuwa Idara haina upendeleo na ingewakataa hata waasisi wa taaluma. George E. Davis, aliyewahi kuwa mkaguzi wa viwanda vya alkali huko Uingereza, alitoa mihadhara 12 mjini Manchester mwaka 1887, na mihadhara hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa chanzo cha uhandisi wa kemikali kama somo linalojitegemea. Bahasha yake ingewekwa kando mara moja, kwa sababu mwaka huo hapakuwa na mtu yeyote duniani mwenye uzoefu wa miaka 5 katika fani ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kufundishwa. Lewis Norton, aliyeanzisha kozi ya miaka minne ya fani hiyo katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1888, naye asingefika mbali, maana alikuwa mwanakemia na cheti cha uhandisi wa kemikali hakikuwepo cha kupelekwa kwa wakili kikagongwe muhuri.

Katika usaili ndimo maarifa ya Idara yanapoonekana kwa ukamilifu. Waombaji wachache wanaoitwa, baadhi yao wakiwa wametoka Mbeya au Mwanza kwa basi la usiku, hukalishwa kwenye benchi la ukumbini, na mlangoni husimama kijana nadhifu mwenye funguo za maabara shingoni, ambaye huita majina, huwagawia maji ya chupa na kuwaelekeza maliwato. Ndani, jopo huuliza kuhusu kibadilisha joto, yaani chombo ambamo kimiminika moto hukipa kimiminika baridi joto lake bila vyenyewe kuchanganyika, na waombaji hujibu vizuri, wakarudi kwao. Baada ya wiki tatu husikika kwamba nafasi imechukuliwa na yule kijana wa mlangoni.

Ni lazima itamkwe wazi kwamba hakuna mwombaji anayemwonea kijicho kijana huyo. Alikuwa akijitolea katika maabara ile kwa miaka miwili, na neno kujitolea, ambalo kamusi hulieleza kuwa ni kufanya kazi kwa hiari bila kudai malipo, katika Idara limepata maana pana zaidi: ni kufika saa mbili kamili, kusafisha mirija ya vipimo, kuandaa majaribio ya mwaka wa pili, kusahihisha ripoti hamsini za wanafunzi na kulipwa nauli ya daladala pale mtafiti mkuu anapokumbuka. Nafasi ilikuwa yake kabla tangazo halijachapwa, na alistahili kuipata. Kinacholeta mshangao ni kwamba, ili apewe alichokwisha kukitolea jasho, ilibidi watu wengine kadhaa wamlipe wakili, wapande basi na kuvaa tai katika joto la Februari, kwa kuwa mfadhili wa mradi hudai ushahidi kwamba ushindani ulikuwepo. Waombaji, kwa lugha ya fani, walikuwa gesi bwete, yaani gesi isiyomenyuka, iliyopitishwa mtamboni ili tu shinikizo lisomeke sawasawa kwenye geji.

Kemia ina neno linalomfaa yule kijana pia. Kichocheo ni dutu inayoharakisha mmenyuko bila yenyewe kutumika wala kuonekana katika zao la mwisho, na ni dhahiri kwamba Idara imeisoma maana hiyo neno kwa neno, kwa vile jina la anayejitolea halionekani katika makala inayochapishwa. Fritz Haber hakuielewa hivyo. Alipowaonyesha wajumbe wa kampuni ya BASF huko Karlsruhe, Julai 1909, jinsi naitrojeni ya hewani inavyoungana na haidrojeni na kuwa amonia, ambayo ndiyo msingi wa mbolea ya chumvichumvi, mtambo mdogo wa shinikizo kubwa uliokuwa mezani ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya mikono ya msaidizi wake, Robert Le Rossignol. Haber aliandika naye makala, akamtaja katika hotuba yake ya Nobeli, na akamgawia sehemu ya mapato ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake bila ruhusa yake. Mtu huyo ana mengi mazito ya kujibu mbele ya historia, hasa gesi ya sumu aliyoisimamia katika Vita Kuu ya Kwanza, ila kwa msaidizi wake hana deni, na Idara ambayo haijawahi kumsumbua adui yeyote kwa gesi inaweza kuona haya kidogo kupitwa naye hapo.

Tena kichocheo huchoka. Salfa kidogo ikipenya katika mtambo wa amonia hukitia sumu kichocheo cha chuma, na katika mitambo ya mafuta tabaka la kaboni huziba vinyweleo vyake hadi kikawa jiwe tu. Wahandisi wakiona hivyo huisafisha gesi au huichoma ile kaboni taratibu ili kichocheo kirudishe nguvu, wala hapajasikika mhandisi aliyekilaumu kichocheo kwa kukosa uzalendo.

Kuhusu waombaji wanaotupwa, mfano wa karibu zaidi uko Tanga. Jani la mkonge likipitishwa kwenye korona, yaani mashine ya kusinga, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na kwa miongo mingi kilichobaki, ule ujiuji wa kijani wenye harufu inayotambulika kabla shamba halijaonekana, kilimwagwa mabondeni na mitoni, hadi huko Hale ulipojengwa mtambo wa kuyaozesha masalia hayo pasipo hewa ili yatoe gesi ya kuzalisha umeme. Wahandisi wa kemikali huwasimulia wanafunzi habari za Hale kwa fahari, na ni haki yao. Idara inapochukua mmoja na kuwatupa waliosalia bila hata kuwaambia wametupwa, inafanya kile ambacho katika mhadhara wa Jumatatu huitwa upotevu wa malighafi. Mashamba hayohayo yana kumbukumbu nyingine, ya manamba, vibarua wa enzi za ukoloni waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali na kuitwa kwa namba badala ya majina. Ile ilikuwa dhuluma na hakuna anayetamani irudi, lakini manamba alikuwa na kipande, kadi iliyoandikwa siku zake za kazi, na kadi ilipofika siku 30 alikuwa na cha kudai. Anayejitolea maabara naye ana namba, ile ya daftari la mlinzi getini. Kipande hana.

Kwa ajili ya uadilifu wa kisayansi, pongezi zilizotolewa mwanzoni hazina budi kusahihishwa, kwa sababu baada ya urari kupigwa upya umeonekana mkondo mmoja uliokuwa umesahaulika. Yale maandiko ya kurasa tano hayakupotea. Wazo la kutengeneza gundi ya mbao kutokana na mafuta ya maganda ya korosho, lililoingia katika bahasha moja kabla ya mvua za masika, lilitoka mwaka uliofuata katika andiko la kuomba fedha kwa mfadhili, likiwa na kichwa kirefu zaidi, picha za rangi na jina jingine. Lavoisier yuko salama. Ni mwombaji tu aliyegeuka kuwa kitu kingine.

Yanayoombwa ni machache na hayahitaji bajeti ya vifaa. Nafasi ambayo tayari ina mwenyewe itangazwe kuwa ina mwenyewe, na huyo apewe mkataba wake hadharani, ili waliobaki wabaki na nauli zao. Anayefanya kazi ya mtafiti msaidizi alipwe kama mtafiti msaidizi na aandikwe katika makala, na iwapo Idara italiona sharti hilo kuwa geni, inaweza kuuliza Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo kabla ya kumsajili mhitimu kuwa mhandisi mtaalamu humtaka kwanza miaka 3 ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi chini ya usimamizi wa mhandisi mwenye sifa, ikijua vizuri kwamba uzoefu ni kitu ambacho mtu hupewa mahali pa kukipatia. Kila bahasha ijibiwe, hata kwa mstari mmoja. Andiko la asiyeajiriwa lirudishwe kwa mwenyewe.

Barua hii imetolewa nakala tatu. Ya kwanza imekabidhiwa masijala, ambako imegongwa muhuri na kuwekwa katika lile kabati, na ile karatasi iliyokunjwa imerudishwa mlangoni. Ya pili imetumwa kwa barua pepe na imerudi kwa kuwa kisanduku cha Idara kimejaa. Ya tatu ilikusudiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, lakini kwa kuwa ufunguo wa kufuli uko kwa ofisa aliye likizo, imebidi igundishwe juu ya kioo kwa nje, na kwa bahati mbaya imelifunika lile tangazo la kazi, ambalo muda wake, hata hivyo, ulikwisha mwezi Machi.

Waombaji,
Namba 1 hadi ya mwisho.