Jambo Linalokuhusu

Muulize mtoto wa darasa la tatu, jioni, leo wamesoma nini. Atakujibu, "Tumesoma." Mmesoma nini sasa? "Masomo." Mwalimu amesema nini? "Amesema tunyamaze." Basi, mazungumzo yamekwisha. Mtoto amekimbilia mpira wake wa mifuko, na wewe mzazi umeshapewa taarifa kamili ya siku nzima ya elimu ya msingi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Nisingelalamika kama huyu mtoto asingekuwa ndiye posta, ndiye redio, ndiye msemaji wa shule. Kila kitu kinapitia kwake. Naye ana sheria yake: habari ya kesho hutangazwa usiku, sahani zimeshaoshwa, na kwetu, mtaa wa Vutetse, duka la mwisho limeshateremsha mlango. "Papa, wamesema kesho kila mtu aje na ufagio na bidoni ya maji." Wamesema lini? "Juzi." Na juzi ulikuwa wapi wewe? "Shuleni." Nenda sasa katafute ufagio Butembo saa tatu ya usiku. Jirani niliyemgongea aliuliza kwanza kama kuna mtu amekufa.

Shule ikiona jambo ni zito, haiuamini tena mdomo wa mtoto. Inaandika. Yaani inachukua karatasi moja, inaikata kwa rula vipande vinne, na kila kipande kinakuwa barua. Wino umefifia upande mmoja, muhuri umekaa juu ya maneno yenyewe. Mtoto anaikunja mpaka inakuwa ndogo kuliko kiberiti, anaitia mfuko wa nyuma wa kaptula ya bluu, anaikalia asubuhi nzima. Ikiwa na bahati, mama yake anaipekua kabla ya kufua. Ikikosa bahati, inatoka kwenye beseni kama uji. Iliyotufikia sisi ilikuwa na bahati. Ilisema: "Mzazi wa Kambale, unaombwa kufika shuleni kesho saa mbili kamili bila kukosa, kwa jambo linalokuhusu."

Jambo gani? Haikusema. Hakuna sentensi inayowanyima wazazi usingizi hapa Kivu ya Kaskazini kama hiyo. Mke wangu, Mama Masika, alisema mtoto amempiga mtoto wa watu. Bibi ya mtoto akasema hapana, amevunja kioo, kioo ni dola ngapi siku hizi? Mwenyewe tulipomuuliza, alisema hajafanya kitu, na akalia, jambo lililotuthibitishia kwamba amefanya.

Asubuhi nilikuta benchi la nje ya ofisi ya direkta limejaa wanaume. Mmoja amefunga duka lake la vipuri, mwingine ametoka shambani na viatu vya mpira, tope bado bichi. Tukasalimiana. Umeitiwa nini, papa? Sijui, na wewe? Sijui. Mtoto wako anaitwa nani? Kambale. Na wako? Kambale. Na wa yule papa pale? Kwa msomaji asiye wa huku: sisi Wanande mtoto hupata jina kwa nafasi aliyozaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, msichana wa kwanza ni Masika. Katika ukoo huo ni utaratibu safi kabisa, hata mgeni anajua nani mkubwa wa nani. Katika ofisi ya shule ni balaa. Direkta alitoka, akatutazama kwa mshangao wa mtu aliyevamiwa, akasema alikuwa anamtafuta mzazi mmoja tu. Kulikuwa na sweta iliyosahauliwa darasani. Na baba wa mwenye sweta hakuwepo kati yetu; karatasi yake nadhani ilienda kwenye beseni.

Lakini asiseme mtu kwamba shule haijui kumfikia mzazi. Inajua sana, mradi pesa iwemo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ya Zaire ilipoacha kuwalipa walimu, wazazi ndio tuliobeba mishahara yao kwa mchango ulioitwa primu, na primu hiyo ilikuwa na mjumbe ambaye hajawahi kupotea njiani: mtoto mwenyewe, aliyerudishwa nyumbani saa tatu ya asubuhi na mfuko wake wa vitabu mgongoni. Hakuna karatasi, hakuna muhuri. Ukimwona tu langoni unajua unadaiwa. Kumbe Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imeshasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Habari hiyo ilichukua miaka 13 kutufikia wazazi, mpaka Septemba 2019. Mtoto wangu wa juzi na ufagio amejitahidi, ukilinganisha.

Tangu bure ilipoanza, barua za madeni zimepungua, ingawa hazijaisha. Zimebadili majina: mchango wa chaki, mchango wa mlinzi, karatasi za mtihani. Za kuniambia kama mtoto anajua kusoma zimebaki idadi ileile, yaani hakuna.

Komite ya wazazi ikasema dawa ni kundi la WhatsApp. Tukashangilia. Sasa mji wetu ni mji wa wafanyabiashara, mnajua, nusu ya wazazi wako njiani. Direkta anatuma ujumbe wa sauti, mrefu, anaanza kwa kumshukuru Mungu, anawashukuru wazazi, anaishukuru komite, na ukifika mahali anaposema "kwa hiyo basi," megabaiti zimekwisha. Mzazi mmoja anajibu kutoka Guangzhou, ambako wameshakula chakula cha mchana sisi tukinywa chai, anauliza mkutano ni saa ngapi. Mwingine yuko Kampala, anaweka picha za vitenge na bei. Anafuata mama mmoja na sala ya kutuma kwa watu kumi kabla ya usiku. Anakuja papa wa siasa. Komite inakumbusha kwamba kundi hili ni la mambo ya shule tu, na hapo watu wanaanza kuipongeza komite kwa ukumbusho huo, mmojammoja, kwa vidole gumba. Mkutano ulipita. Ulihusu nini, mpaka leo naulizia.

Dada yangu anakaa Beni, upande wa Boikene, naye ananicheka. Ananiambia wewe kaka unalilia karatasi, huku kwetu risasi zikilia hakuna anayengoja kominike. Wazazi tunafika getini kabla mwalimu hajafunga kitabu. Ni kweli, wala sina la kuongeza hapo. Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walipoenda kukaa kwenye uwanja wa meri, mchana na usiku, wakidai amani, yeye alijua kijana wake mkubwa yuko wapi kwa kusikiliza redio. Shule yenyewe haikumwandikia, na safari hiyo nadhani hata shule ilikuwa inasikiliza redio hiyohiyo.

Kuna wakati mmoja tu shule zetu zilitueleza mambo kwa wingi. Ni wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200, na Beni na Butembo ndizo zilizoumia zaidi. Getini paliwekwa ndoo na sabuni, na kipimajoto kikielekezwa kwenye kipaji cha uso cha kila mtoto. Maelezo yalikuja kwa Kiswahili, kwa Kinande, kwa picha, kanisani, redioni, shuleni. Nilijua joto la mtoto wangu kila asubuhi mpaka nukta baada ya desimali. Hiyo sicheki, kunawa kuliokoa watu. Ninachosema ni kwamba nilipouliza je, kuzidisha anajua, nikaambiwa nisubiri buleti ya mwisho wa muhula.

Na jambo la ajabu kuliko yote: mara ya kwanza kusikia kwa masikio yangu somo la shule ya msingi linavyofundishwa, ilikuwa shule zimefungwa. Machi 2020 nchi nzima watoto walirudishwa nyumbani kwa ajili ya Covid, na Radio Okapi ikaanza kurusha masomo. Tukakaa sote sebuleni, mimi, watoto, bibi yao na kuku mmoja asiyealikwa, tukifundishwa. Bibi alijibu maswali kwa sauti. Nikasema ala, kumbe ndiyo haya wanayofanya mle ndani! Ni mazuri. Mbona mlituficha? Shule zikafunguliwa, pazia likashuka tena.

Siku hizi nina chanzo changu cha habari. Ni mama anayeuza maandazi kando ya ukuta wa shule. Yeye hana muhuri wala kundi, lakini anasikia watoto wakikariri dirishani na anawajua wote kwa deni. Ndiye aliyeniambia mwalimu wa darasa la tatu aliumwa malaria wiki nzima na watoto wakachanganywa na wa darasa la nne. Ndiye aliyeniambia wangu anasoma vizuri ila hasikii ubaoni akikaa nyuma. Haoni, nikamsahihisha. "Haoni, hasikii, ni kulekule nyuma," akasema, "mpeleke mbele." Maandazi mawili, taarifa bure. Buleti iliyokuja mwisho wa muhula ilisema tu kwamba ana asilimia 58 na mwenendo mzuri.

Simlaumu mwalimu. Yule kijana ana watoto wamebanana kwenye mabenchi mpaka anayetaka kuandika anaomba ruhusa kwa kiwiko cha mwenzake, na mshahara wake nao una safari zake njiani. Ila kuna kitu nilikiona juu ya meza yake siku ile ya sweta, na bado kinaniuma. Kilikuwa kitabu kikubwa, kimefunikwa gazeti, na ndani yake kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu: tarehe, saa, somo, kile watoto walichofundishwa, zoezi walilofanya. Siku baada ya siku, hakuna iliyorukwa. Nikamuuliza ni cha nini. Akaniambia ni jurnali ya darasa, kila mwalimu ni lazima awe nayo, pamoja na fishi za maandalizi. Nani anaisoma? "Inspekta, papa, akija."

Akija! Kwa hiyo yote ninayoyatafuta kwa mtoto, kwenye beseni, Guangzhou na kwa mama wa maandazi, yameandikwa tayari, kila siku, kwa ajili ya bwana mmoja mwenye shule chungu nzima za kuzungukia na barabara zetu hizi.

Direkta, komite, walimu wetu wapendwa: hatuombi mkutano mwingine. Ijumaa jioni, chukueni mistari mitatu kutoka jurnali hiyo, kwa Kiswahili, wiki hii tumesoma hiki na wiki ijayo tutasoma hiki, mkaibandike ukutani kwa nje, pale karibu na maandazi. Gundi nitaleta mimi.