Jiwe Limeoza

Jana jioni balozi wa nyumba kumi alikuja chumbani kwangu kutafuta maiti. Alifuatana na mama mwenye nyumba, na vijana wawili wa bodaboda wa kushuhudia. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia, maana kuitikia kungemlazimu avute pumzi.

"Mwanangu," mama akasema, "siku ya nne hii tunavumilia. Umeficha nini humu?"

"Jiwe, mama."

"Jiwe gani linanuka?"

Nikafunua beseni. Balozi akainama juu ya kipande cha tumbawe kama kichwa cha mbuzi, kimelala kwenye maji ya rangi ya chai. Akainuka taratibu.

"Waingereza walileta matrekta ya karanga hapa Nachingwea miaka ya arobaini," akasema. "Marehemu baba aliyaona. Mradi ukafa. Lakini haukunuka."

Kijana mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Tangu asubuhi, watu wote hapa Marambo wananiita Mzee wa Jiwe.

Acheni nijitetee, maana kitu chenyewe ni cha ajabu kweli. Anayetaka kufuga samaki wa baharini kwenye tangi la kioo mara nyingi huanza na jiwe hai. Jiwe lenyewe ni mfu: mifupa ya matumbawe, chokaa tupu. Walio hai ni wapangaji. Kwenye vitundu vyake wamo sponji, minyoo, kaa wadogo kama punje ya mtama, na bakteria wasiohesabika. Samaki hutoa amonia, nayo ikizidi humuua. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Na kule ndani kabisa, oksijeni isikofika, kundi la tatu hugeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, ikapanda zake hewani. Mtambo mzima wa maji taka, ndani ya jiwe, na hakuna anayedai bili!

Balaa ni safari. Jiwe likikaa nje ya maji, wapangaji hufa. Langu lilitoka Lindi kwenye buti la Noah, chini ya magunia, likasubiri abiria Mnazi Mmoja, likasubiri tena Mtama, likasubiri tena Nanganga. Waliokufa huoza, uozo hutoa amonia, na hapo ndipo jiwe hutibiwa: unasugua maiti kwa brashi, unaliloweka kwenye maji yenye chumvi kama ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita, pampu inayazungusha, unayabadilisha kila mara, wiki kadhaa, mpaka amonia na nitriti zisome sufuri na harufu ya mzoga igeuke harufu ya pwani. Mimi nilikuwa na madumu mawili ya maji ya bahari, na pampu iliyozimika umeme ulipokatika siku ya pili.

Brashi ilikuwa ya mama, ya kufulia.

Paka alionja. Hajarudi.

Ila kinachoniuma si jina. Jiwe hili sikulikata. Kukata tumbawe ni kosa. Nililiokota limevunjika tayari, na pwani yetu ya kusini haijakosa wavunjaji. Miaka na miaka watu wamevua kwa baruti: mlipuko mmoja, samaki wanaelea, na mwamba uliojengwa na vidudu kwa karne nzima unabaki kokoto. Wengine wameyang'oa matumbawe wakachoma chokaa. Miamba ile nayo ilioza, wapangaji wake wote kwa mpigo, lakini ilioza chini ya maji, na huko hakuna jirani wa kwenda kumwita balozi. Mimi na beseni langu moja nimeletewa mashahidi.

Jiwe limehamishiwa nje, chini ya mkorosho. Balozi amesema atapita Ijumaa kulinusa tena.