Wadhamini Wavae Kamba za Manjano

Wakubwa wa soka hawakutazami usoni. Macho yao hushuka kwanza kifuani, yakasoma beji, yakapima rangi ya kamba iliyoibeba, ndipo yakaamua kama uso una haja ya kusumbuliwa. Ukiwa na kamba isiyo na faida, mtu anakusalimia huku anatazama juu ya bega lako, kana kwamba nyuma yako amesimama rais wa FIFA anakunywa chai.

Nayajua haya kwa sababu kongamano la kimataifa la biashara ya soka lilitua hapa kwetu Kisumu, katika hoteli moja ya kando ya ziwa ambayo jina lake naliacha kapuni. Mimi ni mweka hazina wa timu ya mtaa huku Manyatta. Cheo ni kikubwa, hazina ndiyo hamna. Kazi yangu ni kupitisha kopo kwa mashabiki kila Jumapili, na vijana wameniita Mzee wa Kopo hadi mke wangu naye ameanza. Nyavu za goli letu ni wavu mkuukuu wa mbuta tuliopewa na mvuvi wa Dunga, wenye matundu makubwa kiasi kwamba mpira ukipigwa kwa nguvu tunabishana hadi magharibi kama lilikuwa bao. Waandaaji walitusamehe ada ya kuingia kwa kuwa walitaka soka ya mashinani iwakilishwe. Mashinani ndiyo mimi.

Mlangoni kulikuwa na meza ya kamba. Za buluu kwa wasemaji, nyeupe kwa wanahabari, kijani kwa vilabu, manjano kwa wadhamini. Za kijani zilikuwa zimeisha. Inaonekana vilabu haviishi kokote ambako kuna chai ya bure. Binti wa mezani akanivika ya manjano. "Vaa tu hii, mzee, hakuna mtu ataangalia," akasema.

Sijawahi kusikia utabiri ulioenda mrama haraka namna hiyo.

Sikuwa nimefika hata kwenye birika la chai. Wa kwanza kunidaka alikuwa mkurugenzi mtendaji wa klabu fulani ya Nairobi, suti ya buluu iliyombana mapaja, viatu bila soksi. Bila soksi, na jua hili la Kisumu! Akaukamata mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akasema amekuwa akinitafuta. Mimi! Wanaonitafuta mimi ni refa na mwenye duka la jezi, na wote wawili wanajua ninakojificha. Akauliza tuko sekta gani. Nikamjibu kweli tupu kwamba tuko mashinani. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Mashinani ndiko soko liliko, mheshimiwa."

Kufumba na kufumbua nimekuwa mheshimiwa, na foleni imejipanga. Siku hizi kadi ya biashara si karatasi. Mtu anakutolea simu, kwenye kioo kuna kimraba chenye madoadoa, nawe unatakiwa ukipige picha ndipo muwe mmejuana. Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vitufe. Nilipoitoa mfukoni, na ule mpira wa kuzuia betri isidondoke, nilidhani mchezo umeisha. Wapi! Nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu ndiye mwenye pesa kweli. Matajiri halisi hawabebi simu kubwa." Wakaanza kuandika nambari yangu kwa kidole, tarakimu moja moja, kama watoto wa darasa la kwanza.

Msiwacheke sana. Njaa hii ya wadhamini ina tarehe zake. Julai 2017 kampuni ya kamari ya SportPesa iliileta Everton ya Uingereza hadi Dar es Salaam ikacheza na Gor Mahia yetu. Wayne Rooney akafunga kwa mkwaju wa mbali, tukafungwa 2-1, na mtaani kwetu tulilishangilia lile bao letu moja kana kwamba tumeletewa kombe. Novemba 2018 Gor, yaani K'Ogalo, wakaalikwa Goodison Park, uwanja wa Everton, wakala manne bila jibu. Huo ndio mjuano wa kibiashara uliowahi kutufikisha mbali zaidi: kampuni moja, jina moja kwenye jezi mbili, vijana wetu wakapanda ndege. Kisha 2019 kampuni ikavutana na serikali juu ya kodi na leseni, na Agosti ya mwaka huo ikafuta udhamini wake wa michezo nchini. Everton nao wakatangaza Februari 2020 kwamba wataachana nayo msimu ukiisha. BetKing, nao wa kamari, wakaja 2020 na mkataba wa ligi wa miaka 5. 2021 ukavunjika, jezi hazijachakaa. Kabla hatujapumua, Februari 2022 FIFA wakaifungia Kenya, wakatufungulia Novemba.

Katikati ya kifungo hicho, Mei 2022, Kisumu ilipokea Africities, mkutano wa miji ya Afrika. Mameya walimiminika Mamboleo, majirani wakahamisha watoto sebuleni ili wakodishe vyumba vyao kwa bei ambayo hata wenyewe waliitamka kwa aibu. Tangu hapo mji huu umelewa makongamano. Mwenye tuktuk akiona mtu ana beji shingoni, nauli inapanda bila kuulizwa.

Turudi hotelini. Jopo la asubuhi lilijadili Kisumu itafaidika vipi na Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON ya 2027, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja. Swali zuri, maana Agosti 2025 CHAN, kombe la wachezaji wa ligi za nyumbani, ilipokuja, mechi zote za upande wa Kenya zilichezwa Nairobi, nasi wa huku tukawatazama Morocco wakibeba kombe kwenye televisheni ya kinyozi. Wasemaji walikuwa watano. Kila mmoja alianza kwa kusema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya, jina kwa jina, kuanzia gavana hadi mwenye hoteli. Jibu walilotupa, nililielewa mimi, ni kwamba Kisumu ijiweke tayari. Kwa lipi, muda ulikuwa umekwisha.

Mmoja wao alisema soka ya Afrika imeanza kuwa ya maana juzi tu. Karibu nimvue ile kamba yake ya buluu. Mwaka wa 1987 Gor Mahia walitoka sare 2-2 na Espérance kule Tunis, wakatoka 1-1 Nairobi, wakalitwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoleta kombe la bara nyumbani. Peter Dawo, mshambuliaji wao, hakumpiga mtu picha ya kimraba. Alipiga mipira.

Chakula cha mchana ndicho kilichonimaliza. Samaki wa kongamano hana kichwa. Hana mkia, hana mfupa, hana hata jicho la kukutazama ukajua umeheshimiwa. Hapa Kisumu, ambako watu wazima wenye wajukuu hununiana kwa sababu ya kichwa cha ngege! Tuliletewa mnofu wa mbuta, mweupe pepe, umelala ndani ya uji wa maziwa na jani moja la giligilani juu, na ugali umekatwa vipande vya mstatili kama sabuni ya kufulia. Ukiuliza pilipili unaletewa kijichupa.

Nikamwangalia mshauri mmoja kutoka Ulaya akiukata ule mnofu kwa uma na kisu, nikaona soka yetu nzima kwenye sahani. Viwanda vya samaki vilipoanza kusafirisha mbuta nje, minofu ilienda Ulaya, sisi tukabakiwa na mgongo wazi: kichwa, uti na mkia, unakaangwa, unauzwa kando ya barabara, na tunaupenda kwa kuwa ndio tulio nao. Soka ni hivyo hivyo. Jumamosi jioni Kondele nzima imejaa kwenye vibanda, watu wanalipa kiingilio kuwatazama vijana wa London, wanaweka dau la mechi ya Uhispania, jezi za Arsenal zinauzwa soko la Kibuye marobota kwa marobota. Jumapili kopo langu linapita kwa watu wale wale, nalo linarudi na sarafu za shilingi tano na kitufe cha shati.

Katika ukumbi ule wote, mtu asiye na haraka alikuwa mmoja, mgeni kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na haki ya kutulia. Kwao, Mei 2021, Azam Media walitia saini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi, shilingi bilioni 225.6 za Tanzania. Wakurugenzi wetu walimzunguka wakimuuliza siri, wakamwomba nambari, hakuna aliyengoja jibu. Walipotawanyika akanisogelea. Hakuitazama kamba.

"Mzee wangu, shikamoo," akasema. "Tangu asubuhi kila niliyekutana naye humu anauza. Hivi mnunuzi ni nani?"

Nikamwambia kwa kamba hii inaonekana ni mimi. Akacheka hadi akashika ukuta. Halafu akaniuliza, Jumapili kwenye mechi yenu huja watu wangapi? Wanakaa wapi? Mvua ikinyesha wanakwenda wapi? Wanalipa wakiingia au wakitoka? Ndugu zangu, kongamano la biashara ya soka, siku nzima, na hayo ndiyo yalikuwa maswali pekee niliyosikia juu ya watu wanaotazama mpira. Wengine wote walikuwa wakizungumzia mashabiki kwa mamilioni, na huwezi kumuuliza milioni kama amekalia jiwe.

Sasa tuje kwenye aibu. Saa kumi mshereheshaji akaita, "Wadhamini wetu wote, tafadhali, jukwaani kwa picha ya pamoja!" Nikajikunyata nyuma ya nguzo. Yule asiye na soksi akaniona, akanisukuma mbele kwa mapenzi yote, akitaka ionekane yeye ndiye mwenyeji wangu. Nikajikuta nimesimama kati ya benki na kampuni ya simu. Kipaza sauti kikaja, kila mmoja aseme kwa kifupi anawekeza kiasi gani katika soka ya eneo la ziwa. Benki ikasema mamilioni kadhaa kwa miaka kadhaa, bila kutaja ni mangapi wala ni mingapi. Watu wakapiga makofi.

Zamu yangu nikasema ukweli. Kwamba sisi msimu huu tumegharamia maji, chokaa ya kuchorea kiwanja, matatu ya kwenda Ahero na kurudi, na nusu ya malipo ya refa. Nusu nyingine tunaomba atuvumilie hadi mwisho wa mwezi.

Ukumbi ukanyamaza, kisha ukacheka, kisha, polepole, ukaelewa. Niliposhuka jukwaani nilipita katikati ya watu kwa nafasi tele. Mkurugenzi wangu alikuwa ameshamshika mkono mtu wa benki, mikono yote miwili, akimwambia amekuwa akimtafuta. Mhudumu wa chai ndiye aliyenifuata, akaninong'oneza, "Omera, ile ya refa umesema kweli. Mimi huchezesha ligi ya kaunti ndogo. Kuna timu inanidai uvumilivu tangu mwaka jana." Akanijazia sahani sambusa, na nyingine akazifunga kwa kitambaa cha karatasi niwapelekee vijana.

Lakini nambari yangu walishaichukua, na wengi wao hawakuwa ukumbini saa kumi. Walikuwa nje wakijuana. Tangu siku hiyo simu yangu hailali. Ujumbe unaingia: "Mheshimiwa, tulifurahi kukutana nawe, tungependa kukuwasilishia pendekezo la ushirikiano." Mwingine anataka tukae Nairobi tunywe kahawa. Mmoja yuko Kigali, anataka kuniuzia mfumo wa kukata tiketi kwa mashine za kisasa, mimi ambaye uwanja wangu hauna ua wala lango.

Nawajibu hapa wote kwa pamoja, maana salio haliniruhusu kuwajibu mmoja mmoja. Tunacheza Jumapili saa tisa. Yeyote anayetaka kujuana aje, akae popote penye kivuli, na kipindi cha pili kikianza kopo litamfikia. Asiyeweza kufika asihangaike na pendekezo: nambari ile ile mliyoiandika kwenye simu zenu ina M-Pesa.