Daftari la Panya Buku

Ng'ambo ya nyumba za mwisho za mtaa wa Landless, pale Barabara ya Garissa inapoziacha kelele za Makongeni na kuelekea mashamba ya mananasi ya Del Monte, wanyama walikuwa na parokia yao chini ya mkuyu. Paroko alikuwa Korongo, mwenye shingo ndefu na sauti tamu ya kuimba Misa. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Mama Kanga. Panya Buku alikuwa mweka hazina, naye ndiye aliyeshika daftari. Katekista alikuwa Kobe, mzee kuliko mkuyu wenyewe.

Jumapili moja baada ya Pasaka, Korongo aliinua shingo akaona nyasi tupu. Hapakuwa na punda hata mmoja. Mbuzi walikuwa wawili, wote wajane. Swala vijana, waliopata kipaimara mwaka uliotangulia wakiwa wamevaa meupe, walikuwa wametoweka. Akaitisha kikao cha halmashauri.

"Wamelegea, Padre," akasema Mama Kanga. "Dunia imewateka."

"Wamefuata spika," akasema Panya Buku. Alikuwa akimsema Tausi, aliyekuwa na mkutano wake kando ya barabara, wenye vinanda na taa za rangi.

Wakakubaliana wafanye kampeni. Bango likatundikwa kwenye mkuyu: KARIBUNI NYUMBANI. Kasuku akapewa kipaza sauti azunguke kutoka kituo cha matatu hadi mtoni. Fulana zikachapishwa, na kila mwanajumuiya akatozwa mchango wa fulana. Siku ya karamu ilipofika, waliokuja ni wale wale, ila sasa wamevaa fulana. Isitoshe, wawili ambao hawakuwahi kukosa Misa siku hiyo walikosa, kwa kuwa hawakuwa wamelipia fulana.

Kobe akaomba ruhusa awatembelee waliopotea, mmoja mmoja.

"Beba daftari, Mzee," akasema Panya Buku, "ujue nani anadaiwa nini."

"Hilo ndilo nitakaloliacha," akajibu Kobe.

Alianzia kwa Punda. Punda alikuwa akivuta mkokoteni wa maji, mitungi ya lita 20, tangu alfajiri hadi giza liingie. Jumapili ndiyo siku yake ya soko, maana ndiyo siku watu wa Landless wanapofua. Kobe alimkuta jioni kwenye kioski cha maji, mkokoteni umefunguliwa, mabega yana michubuko ya kamba.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Punda alikaa kimya kitambo. "Milele na milele, amina. Umetumwa na Panya, Mzee?"

"Sikuja kudai."

Kobe hakuuliza swali lolote. Aliketi kwenye mtungi uliopinduliwa, akapewa maji, akanywa. Wakazungumza habari za bei ya pumba na mvua iliyochelewa. Giza lilipoingia ndipo Punda alipoanza mwenyewe.

"Mwanangu alifariki masika iliyopita. Nilituma neno kwa Padre aje tumzike. Aliyekuja ni Mama Kanga na daftari. Akanisomea pale pale, waombolezaji wakisikia: zaka ya miezi kumi na mmoja, mchango wa ukuta, mchango wa gari la parokia. Akasema barua ya jumuiya haitatoka mpaka nimalize. Nilikuwa na pesa ya sanduku tu. Tukamzika wenyewe, mtoto wa jirani akaongoza rozari. Rozari sijaiacha, Mzee. Kuja pale mkuyuni ndiko kulikonishinda."

Wengi wetu tungemjibu upesi kwamba Mungu anampenda. Kobe hakusema hivyo. Aliomba aonyeshwe kaburi. Wakashuka pamoja hadi ukingo wa mto, wakasali pale, kisha Kobe akasema, "Tulikukosea. Padre atakuja akuambie mwenyewe kwa kinywa chake."

Alirudi kwenye halmashauri akaeleza yote. Mama Kanga aliinamisha kichwa. Panya Buku ndiye aliyesimama kujitetea, na ni haki asikilizwe. Hakuwa mwizi. Hesabu zake zilikuwa safi, na paa la kanisa halijengwi kwa nyimbo. "Kila mtu akisamehewa," akasema, "mishumaa itanunuliwa na nani?"

Kobe akatoa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. "Kanuni ya 848," akasema, "inamkataza mhudumu kudai chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka halali, tena inamtaka achunge maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Nenda kanuni ya 1184, inayotaja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa. Mwasi wa imani yumo. Mwenye deni la ukuta simwoni."

Kisha akakumbuka ya zamani, kwa kuwa umri wa kobe unaruhusu. "Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipoamua jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa uchungaji wetu, nilikuwepo. Majirani walitakiwa wajuane, wasome Neno pamoja, wauguzane, wazikane. Ofisi ya ushuru haikutajwa. Na Papa Francis alipokuja, tarehe 27 Novemba 2015, alianza asubuhi kwa maskini wa Kangemi ndipo akaenda kwa umati wa Kasarani. Siku mbili baadaye akafungua Mlango Mtakatifu wa Mwaka wa Huruma kule Bangui, katika nchi iliyokuwa vitani. Ule wa Roma ulisubiri hadi tarehe 8 Desemba. Sisi tunaowangoja watu chini ya mkuyu, mlango wetu tumewapelekea nani?"

Korongo hakujibu. Alivua stola, akaenda kwa Punda kwa miguu, ingawa ana mabawa. Waliyoyasema yalibaki yao.

Yaliyofuata yalichukua muda, na sitaki msomaji adhani yalikuwa miujiza. Misa ya Jumamosi jioni ilianzishwa kwa ajili ya wanaovuta mikokoteni na wanaouza sokoni, na Kanisa huihesabu kuwa Misa ya Jumapili. Kila Ijumaa alasiri Korongo aliketi kuungamisha chini ya mgunga uliojitenga, mbali na macho ya jumuiya, kwa sababu aliyekaa miaka mingi bila kitubio huona aibu hata ya kuonekana akisubiri zamu.

Mbuzi mwingine, asiye mmoja wa wajane wale, naye alikuwa amekaa na Beberu miaka mingi bila ndoa ya kanisani. Aliamini amefukuzwa kabisa, kumbe hakuna aliyewahi kumfafanulia kwamba Misa ni yake hata kabla hajarudi kwenye komunyo, na kwamba watoto wake wangeweza kubatizwa. Kilichowazuia kufunga ndoa hakikuwa dhambi ya ajabu. Ilikuwa hema, keki, gauni na kamati ya harusi. Wakafundishwa pamoja na jozi nyingine mbili, wakafunga ndoa Jumamosi moja ya kawaida, baadaye wakala ugali na sukuma wiki iliyopikwa na jumuiya nzima.

Kwa swala vijana kazi ilikuwa ngumu zaidi. "Tulifundishwa hadi siku ya kipaimara," mmoja akasema, "siku iliyofuata hakuna aliyejua majina yetu." Baadhi walirudi walipokabidhiwa kwaya na mafundisho ya watoto. Mmoja alibaki kwa Tausi, akasema huko alipougua walimletea uji. Kobe hakumkashifu. Kila wanapokutana kwenye Barabara ya Garissa humsalimu kwa jina na kumuuliza habari za mama yake.

Panya Buku bado ni mweka hazina, na ni vizuri iwe hivyo. Daftari lipo, ila halisomwi tena msibani wala mbele ya watu, na mwenye shida huketi naye faraghani wakapanga anachoweza. Punda huja Jumamosi. Mara ya kwanza alisimama nyuma kabisa, na Mama Kanga akatoka kwenye kiti chake cha mbele, akaenda kusimama karibu naye bila kusema neno.

Wewe uliye mwenyekiti wa jumuiya, Landless au popote, unamjua jirani yako aliyeacha kuja, na huenda unajua ni siku gani aliacha. Wiki hii hamishieni sala nyumbani kwake, akikubali. Daftari libaki kwako, na kama mlimkosea, mwambieni hivyo kabla ya kumwalika.