Shemeji, Dizeli na Nyani wa Mikumi

Kazini kwetu, Dar es Salaam, kuna mwembe. Chini yake tunaegesha magari, na kila saa saba mchana, chakula kikishashuka, panafunguliwa bunge. Hoja haijawahi kubadilika: cc.

Kijana wa uhasibu ana Mark X ya cc 2500, na kwake yeye gari lolote lenye silinda pungufu ya sita ni cherehani. Bwana wa manunuzi ana Harrier, ile ambayo mtaani inaitwa tako la nyani. Anaapa kwamba haili mafuta, ingawa ikifika tarehe ishirini tunamwona kwenye daladala. Mzee dereva, aliyestaafu serikalini akarudishwa kwa mkataba, huwaacha waseme mpaka wachoke, halafu anatamka tu "1HZ", kama anayemalizia sala. Hiyo ni injini ya dizeli ya Land Cruiser ile ya mkonga: cc 4200 kasoro kidogo, silinda sita kwenye mstari mmoja, haina tabo, haina papara.

Mimi nina IST ya cc 1300 kasoro. Pale bungeni ni mtazamaji.

Nimewasikiliza miaka sita sasa, na sijawahi kumsikia mtu akisifia injini asiyoimiliki, isipokuwa yule anayekusanya hela za kuinunua. Serikali nayo imechochea, maana ushuru wa bidhaa kwenye gari linaloagizwa nje hupanda injini ikivuka cc 1000, ukapanda tena ikivuka 2000. Ndiyo maana mtu anaweza kukutajia "1990" kwa furaha ya abiria ambaye begi lake limesoma kilo 22.9 kwenye mzani wa uwanja wa ndege.

Lakini bunge lote lile ni watoto wa chekechea mbele ya shemeji yangu, mume wa dada. Shemeji ana Prado ya zamani yenye injini ya 1KZ, dizeli, cc 2982. Hasemi elfu tatu. Anasema 2982, tarakimu moja moja, kama namba ya simu. Kwake dizeli ni dhehebu na petroli ni ulevi wa vijana.

Mwaka jana tulikwenda Mafinga kwenye sendofu ya binamu yetu. Shemeji aliendesha, mimi nikawekwa mbele, dada akakaa nyuma na mahotipoti. Anayetoka Dar kwenda Iringa akishapita Ruaha Mbuyuni anaukuta mlima Kitonga: kona juu ya kona, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na malori ya Tunduma yakipanda kwa mwendo wa maharusi. Nadhani shemeji alikuwa ananingojea hapo tangu Kibaha.

"Shemeji, IST yako hapa ingekuwa inalia."

"Kweli, shemeji."

"Petroli mpaka uikamue. Dizeli nguvu yake iko chini. Mizunguko elfu mbili tu, gari inakunyanyua kama lifti."

Akalipita lori moja, akalipita la pili, na lazima niseme ukweli, tulinyanyuliwa. Nilikuwa karibu kubatizwa. Ndipo dada akauliza kutoka nyuma, taratibu, "Baba Neema, huo mshale wa joto mbona umesimama?"

Injini ya 1KZ ina sifa nyingi. Mojawapo, ambayo wenye nayo huitaja kwa sauti ya chini, ni hedi inayopasuka ikichemka. Shemeji hakujibu. Alizima kiyoyozi, akashusha vioo, akafungua hita mpaka mwisho ili injini imwage joto lake ndani kwetu. Kitonga iliyobaki tuliipanda tukitokwa jasho kama mandazi kwenye kikaango, lipstiki ya dada ikiteremka kidevuni.

"Inapumua tu," alisema.

Kwenye sendofu shemeji alicheza mpaka mguu ukavimba, mguu wa kulia, ule wa kukanyagia mafuta. Kwa hiyo wakati wa kurudi niliendesha mimi, na magunia mawili ya viazi, na kuku wa zawadi aliyefungwa miguu. Tulipofika Mikumi mjini tangi lilikuwa limebaki chini ya nusu, tukaingia sheli.

Pampu ya jirani walikuwa wamesimama vijana wawili na Subaru yao. Subaru ile ilikuwa inanguruma tu palepale, bila sababu. Shemeji alishuka kwa kuchechemea, mkono mmoja kiunoni, akaenda kuwaokoa. Nilimsikia vizuri kabisa, maana hakuwa hata hatua nne kutoka dirishani kwangu. Alikuwa anawaeleza kwamba kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Karanga! Je, hiyo Subaru yenu inaweza kula karanga?

Binti wa pampu akaja dirishani. "Karibu, mama. Tunaweka nini?"

Miaka kumi na moja nimejibu swali hilo kwa neno lilelile.

"Petroli. Jaza."

Akafungua. Ndani ya kile kimlango cha tangi pana kibandiko chenye herufi mbili za Kijapani, ambazo tangu gari lile lishuke bandarini hakuna aliyewahi kuzisoma. Lita hamsini na kitu zikaingia bila kigugumizi. Baadaye nimejifunza kwamba bomba la dizeli kwa kawaida ni nene, ukitaka kulichomeka kwenye IST linagoma mdomoni, lakini la petroli ni jembamba na kwenye tundu la dizeli linazama kama kijiko kwenye uji. Waliobuni mambo haya walinilinda mimi dhidi ya dizeli. Hawakumlinda shemeji dhidi yangu.

Nikalipa, nikapewa risiti ya EFD, nikaikunja nikaitia kwenye zipu ya ndani ya mkoba. Shemeji akarudi amefurahi. "Wale watoto wamenielewa," alisema.

Ukitoka Mikumi mjini kuelekea Morogoro unaingia hifadhini. Barabara kuu inakatiza hifadhi ile kwa kilometa 50, na kuna bango la faini linalokutajia kila mnyama na bei yake ukimgonga. Tulikuwa tumekwenda kilometa kama sita au saba ndani ya hifadhi Prado ilipoanza kugonga, sauti ya kokoto kwenye debe. Nyuma ukatoka moshi mweupe.

"Kanyaga," shemeji alisema.

"Nimekanyaga."

"Kanyaga kidizeli!"

Sijui mpaka leo kidizeli kunakanyagwaje. Gari lilijikokota, likakohoa mara tatu, likanyamaza pembeni ya barabara, mbele ya pundamilia wanne waliotutazama bila huruma.

Hifadhini huruhusiwi kushuka ovyo, kwa hiyo tulikaa. Shemeji akaanza uchunguzi akiwa kwenye kiti. Chujio la dizeli limeziba. Hapana, ni nozeli. Hapana, hewa imeingia kwenye mfumo. Alitaja kila kiungo kinachoweza kufa ndani ya 1KZ, na namna kinavyokufa, na bei yake Kariakoo. Kuku akalia. Nadhani ni kuku, au viazi, aliyewaita nyani. Walikuja kundi zima, na dume mmoja akapanda boneti, akakaa, akatugeuzia mgongo palepale kwenye kioo. Hapo ndipo nilipolielewa jina la Harrier, kwa kina ambacho bwana wa manunuzi hatakifikia.

Ni wakati huohuo niliposikia harufu. Ilikuwa ndogo, inatoka nyuma, na niliifahamu kama mtu anavyofahamu harufu ya chumba chake. Gari la shemeji lilikuwa linanuka IST.

Rudolf Diesel mwenyewe, huyo aliyebuni injini, alipanda meli usiku mmoja wa Septemba 1913 akielekea Uingereza, na kulipokucha hakuwemo chumbani mwake. Shemeji alinisimulia habari hiyo tukiwa Chalinze wakati wa kwenda. Pale Mikumi, nyani akiwa bonetini, nilitamani sana kutokuwemo chumbani mwangu.

Waliotuvuta ni askari wa hifadhi, kwa kamba, na Land Cruiser ya mkonga. Nilikuwa nimeshika usukani, nimetulia kama mshtakiwa. Shemeji aliteremsha kioo, akatoa sikio nje, uso ukamlainika.

"Sikiliza," aliniambia. "1HZ. Silinda sita. Haina hata haja ya kubadili gia."

Fundi tuliyeletewa pale mjini alikuja na Kirikuu, ile Suzuki ya mizigo ya cc 660. Alifungua kifuniko cha tangi, akainamisha pua, akainuka.

"Mzee, humu mna petroli."

Akaanza kunieleza mimi, kwa kuwa shemeji alikuwa amegeuka kutazama barabara. Petroli huwa inangoja cheche ya plagi. Dizeli haina plagi: hewa inabanwa mpaka inakuwa moto, mafuta yakipulizwa yanawaka yenyewe. Na pampu yake inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani. Petroli ni kavu. "Ni sawa na kumeza ugali bila mboga, dada. Unashuka, lakini koo litakwambia."

Nikafungua mdomo ili nikiri.

"Wamechakachua!" shemeji alipaza sauti.

Wenye kumbukumbu wanajua uzito wa neno hilo. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, wajanja waliyachanganya na dizeli mpaka magari yakawa yanakufa ovyo, na bajeti ya mwaka 2011 ikabidi iyapandishie kodi. Neno lenyewe lilikuwa limeshatoka kwenye matangi, likaingia kwenye kura, mitihani na ndoa za watu. Lakini hakuna mjanja duniani anayechakachua dizeli kwa lita hamsini za petroli. Fundi alijua. Shemeji alijua. Nilifungua mdomo mara ya pili, na dada akanikanyaga kidole gumba.

Fundi akalikausha tangi, akabadilisha chujio, na kwa rehema za Mungu pampu ilipona. Mchanganyiko ule aliupakia kwenye madumu, akasema hautupwi, akapunguza bei. Sikuuliza unakwenda wapi. Dar tuliingia saa nane usiku, kuku akiwa ndiye pekee mwenye maneno.

Baadaye nilimwonyesha mwenzangu wa kazini, aliyesoma Japani, picha ya kile kibandiko. Alicheka sana. Herufi zile zinasomeka keiyu, yaani mafuta mepesi, na ndilo jina la dizeli kwa Kijapani. Vigari vidogo kama Kirikuu navyo huitwa kei, vyepesi, na kuna Wajapani wanaoviwekea keiyu wakidhani vimeandikiana, vikawafia barabarani. Nilijisikia nafuu kidogo. Jioni ile nikaipiga picha na risiti ya EFD, ile yenye neno PETROL na idadi ya lita, nikamtumia shemeji kwa WhatsApp bila maneno. Alama mbili zikageuka bluu. Hakujibu.

Krismasi tulikutana kwao, ukumbi umejaa mashemeji na wajomba. Hadithi ya Mikumi ilikuwa imenenepa: sasa mwenye sheli alikuwa ametoroka. Nilimhurumia yule binti wa pampu, ambaye kosa lake ni kunisikiliza. Kisha mjomba mmoja akataja kwamba anataka kununua gari dogo, na shemeji akajivuta mbele ya kochi.

"Mjomba, chonde. Hizi gari za petroli, hizi cc 1300 za akina…"

Nikauvuta mkoba, nikafungua zipu ya ndani. Zipu ile ni ya chuma, ina mlio.

Shemeji akanywa soda kidogo. "Ingawa IST nayo," alisema, "ukiitunza vizuri, ni gari."