Namna ya Kupumzika Ubwari, Kisiwa Kisicho Kisiwa

Umechoka na kelele za mjini? Unatamani kisiwa cha mbali, kimya, ambako hata wadeni wako hawafiki? Achana na Zanzibar. Njoo Fizi, Kivu Kusini, Kongo, ufuate hatua hizi.

1. Kubali kwamba ni kisiwa. Ubwari ni rasi iliyoshikamana na nchi kavu, lakini usibishane na watalii wa kwanza. Wavumbuzi Burton na Speke walipita hapa kwa mitumbwi mwaka 1858, wakaandika kwamba ni kisiwa. Burton ulimi ulikuwa na vidonda, hakuweza kuongea. Speke macho yalikuwa yakimsumbua. Mmoja hasemi, mwingine haoni: mapumziko gani yazidi hayo? Kwa kosa lake, Burton akazawadiwa ghuba nzima; hadi leo inaitwa kwa jina lake.

2. Safiri taratibu. Kutoka Uvira unashuka kusini, Ziwa Tanganyika kushoto, milima kulia. Mvua ikibeba daraja, utapumzika kabla hujafika. Kila bariyeri ina kijana mpole anayejali sana kama umemletea chai. Weka noti ndogondogo mfuko wa shati.

3. Ukifika Makobola, shuka garini na uzime kamera. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, watu zaidi ya 800 waliuawa hapa na vijiji vya jirani, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010. Hatua hii haina mzaha.

4. Ukifika Baraka, panda boti ya Ubwari. Utakaa juu ya gunia la mihogo, mbuzi wa mtu akiegemea goti lako. Ukiuliza jaketi la kuokolea, nahodha atakujibu, "Mzee, tutafika tu." Chini yako kuna ziwa ambalo kina chake kinafika mita 1,470, kwa hiyo hakuna haja ya kujua kuogelea kidogo.

5. Chagua usiku wa kimya. Usiku wa giza wavuvi wanatoka na taa kutafuta samaki wadogo waitwao ndakala, injini zinanguruma hadi alfajiri. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanapumzika. Basi kwaya inapata nafasi ya kufanya mazoezi. Asubuhi akina mama wanatandaza ndakala mchangani, watoto wanafukuza kuku kwa kelele zote walizojaliwa. Maji ya ziwa yapige picha upendavyo. Ya kunywa, chemsha, maana kipindupindu nacho hakina likizo.

6. Furahia kukosa mtandao. Wewe unaiita hali hiyo kujitenga na dunia. Mama mwenye uchungu wa uzazi, anayengoja boti usiku impeleke hospitali, anaiita kwa jina lingine.

7. Usiwafundishe wenyeji raha ya kuvuka ziwa. Wengi walilivuka wakikimbia vita mwaka 1996, na tena 1998, watoto mgongoni, wakaishia kambi ya Nyarugusu upande wa Tanzania. Walivuka bila tiketi ya kurudi.

Basi pumzika, ndugu msafiri. Lipa nauli kamili, ndakala nunua kwa bei uliyotajiwa. Ukirudi mjini, usiwasimulie wakubwa jinsi Fizi ilivyo tulivu. Waambie inataka usalama, barabara na hospitali yenye dawa.